Nota 187 za Mwalimu Laurean

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa Kituo cha Polisi, Kibaha, Jumanne tarehe 17 Juni 2025, kuanzia saa 3:40 asubuhi.

Jina: Matilda binti Cornel
Umri: Miaka 47
Dini: Mkristo, Mkatoliki
Kazi: Mshonaji wa nguo, pia mwalimu msaidizi wa kwaya
Makazi: Janga, Wilaya ya Kibaha
Kosa linalochunguzwa: Kuharibu mali (kompyuta mpakato moja)
Mtuhumiwa: Laurean, miaka 74, mwalimu mstaafu na mtunzi wa nyimbo

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu, sijalazimishwa na mtu. Kama sauti yangu iko juu, Afande aandike hivyo hivyo kwamba iko juu. Mzee wa miaka sabini na nne amelala kwenye sakafu ya mahabusu tangu jana, na aliyempotezea kazi ya maisha yake yupo Maili Moja anakula chipsi.

Mwalimu Laurean ninamfahamu tangu nikiwa msichana wa miaka kumi na sita. Ndiye aliyenifundisha nota. Kwa miaka thelathini na moja ametunga nyimbo za kwaya ya kigango chetu, jumla yake mia moja themanini na saba. Aliziandika kwa mkono, kwa nota za do-re-mi, kwenye madaftari makubwa yaliyokuwa yanakaa kwenye kabati la sakristia. Masika ya mwaka 2022 mchwa waliingia kabati lile kwa nyuma. Tulipofungua tulikuta majalada yamesimama vizuri, ndani ni udongo na vipande. Wakati huo Mwalimu alikuwa tayari haoni. Ana presha ya macho. Anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu, basi.

Ndipo akaja Joel. Joel ni kijana wa miaka ishirini na sita, amesomea kutengeneza programu za simu, na mama yake anaimba sauti ya pili kwenye kwaya yetu. Alitutengenezea programu ya kuandikia nyimbo bila kututoza. Sikatai hilo, na liandikwe. Alinieleza kwamba kila wimbo utakuwa na faili lake la maandishi matupu ndani ya simu. Nikibonyeza "hifadhi", programu inaandika kwenye faili. Nikifungua wimbo, inasoma kutoka kwenye faili lile lile. Nilimwelewa. Nikasema kumbe ni daftari, ila hili mchwa hawali.

Kuanzia Januari 2023 hadi Novemba 2024, kila Jumanne na Alhamisi saa 9:00 alasiri, Mwalimu alikuja kukaa kwenye kibanda changu cha ushonaji. Anaimba mstari mmoja wa sauti ya kwanza, anapiga mapigo kwa kiganja kwenye paja, mimi naandika nota, na maneno chini yake, kwa kidole gumba. Kisha sauti ya pili, ya tatu, ya nne. Afande, nota si herufi peke yake. Nukta mbili zinatenga pigo na pigo. Kistari kinasema sauti ishikiliwe. Mstari wa wima unafunga kipimo. Kikoma kidogo kinakwambia hii ni do ya juu au ya chini. Ukitoa alama hizo zinabaki herufi tu, na herufi hizo haziimbiki na binadamu yeyote. Gumba langu la kulia lina sugu. Nimemwonyesha Afande.

Tulipomaliza, mabaki ya madaftari yaliyojaa mchwa tuliyachoma, mimi na Adrian, anayeimba sauti ya nne. Mwalimu mwenyewe aliruhusu. Joel alikuwepo siku hiyo akaniambia, "Usiwe na wasiwasi mama, nyimbo zipo salama."

Mnamo Ijumaa tarehe 13 Juni 2025, saa 11:30 jioni, Joel alinipigia simu kuniambia ametoa toleo jipya la programu, na kwamba sasa maneno ya nyimbo yatapendeza yakioneshwa ukutani kanisani kwa projekta. Nikalipakua. Adrian naye alikuwa na nyimbo zote kwenye simu yake. Mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, nilimpigia nikamwambia alipakue. Hilo linaniuma kuliko yote.

Kesho yake, Jumamosi, saa 4:15 asubuhi, tulikuwa Kisarawe kwenye kigango cha wenzetu. Walituomba tuwafundishe wimbo namba 112 wa Mwalimu, "Mvua ya Janga", wauimbe kwenye misa yao ya mavuno. Mwalimu wao wa kwaya, dada Vailet, alikuwa ameshafuta ubao. Watu kama thelathini wameketi kwa sauti zao. Nikafungua wimbo nikaanza kunakili ubaoni. Niliandika "dmsfmrdd" nikasimama. Nikadhani ni macho yangu. Nikashuka mstari wa pili, herufi zimebanana vilevile, hakuna nukta, hakuna kistari, hakuna mstari wa wima. Kijana mmoja wa sauti ya tatu akasema, "Mama, hiyo nota au paswedi ya waifai?" Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe, maana nilidhani ni wimbo mmoja.

Nikafungua namba 1. Nikafungua namba 40. Nikafungua ya mwisho. Nilisimama pale mbele ya ubao nikifungua na kufunga mpaka watu wakaacha kucheka. Adrian akatoa simu yake, akaangalia, akaketi chini. Mwalimu alikuwa kiti cha mbele. Akauliza, "Matilda, mbona huanzi?" Nikamwambia simu imeisha chaji. Sijawahi kumdanganya Mwalimu kabla ya siku hiyo. Nilimweleza ukweli Jumapili baada ya misa.

Mnamo Jumatatu tarehe 16 Juni, saa 4:30 asubuhi, nilifika na Mwalimu ofisini kwa Joel, Maili Moja, hapa Kibaha. Ni chumba kimoja kilichopakana na duka la vifaa vya shule la dada anayeitwa Dina. Nilimshika Mwalimu mkono nikamkalisha kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango. Joel alisimama akasema, "Shikamoo mwalimu." Mwalimu akaitikia, "Marahaba." Adabu ya mdomoni anayo, sikatai.

Nilimpa simu yangu. Akaitazama, akasema, "Mama, mbona maneno yapo yote? Hakuna hata neno moja lililopotea."

Nikamwambia, "Sijakuuliza maneno. Nota ziko wapi?"

Akaanza kunieleza kama anavyoelezwa mtoto wa chekechea. Kwamba programu mpya ikifunguliwa mara ya kwanza inasoma kila faili, mstari kwa mstari, inaondoa nukta na vistari na nafasi zilizozidi ili maneno yasomeke vizuri ukutani, halafu inaandika juu ya faili lile lile, kwa jina lile lile.

"Na lile la zamani?"

"Ndilo hilo hilo, mama. Limeandikwa upya."

"Nakala?"

Akakuna kichwa. "Sikuweka. Nilidhani zile alama ni uchafu wa kuchapa."

Uchafu! Afande, miaka thelathini na moja ya mzee wa watu inaitwa uchafu! Wanasema asiyejua maana haambiwi maana, lakini huyu hakutaka hata kuuliza. Namba yangu anayo. Angemuuliza mama yake mzazi, anayeimba nota hizo hizo kila Jumapili na kurudi kumpikia! Mimi nikipunguza gauni la mteja bila kumwambia, atanitukana mpaka ukoo, na ana haki. Na kama alitaka kujaribu, si angejaribu kwanza kwenye simu yake, na wimbo mmoja tu? Alikwenda kujaribia kwenye nyimbo zote za mzee.

 Mwalimu akauliza taratibu, "Joel, mwanangu, ni zote?" Joel akasema, "Zote mwalimu, ila maneno yapo." Mwalimu akaitikia, "Haya."

Saa 4:55 simu ya Joel iliita, akatoka nje kuongea. Kompyuta yake aliiacha mezani ikiwa wazi. Aliporudi baada ya dakika kama tatu aliikuta sakafuni, kioo kimepasuka na bawaba zimeng'oka. Akapiga kelele. Dina akaja mbio. Mwalimu akasema, "Ni mimi. Nimeivunja mimi." Joel akapiga simu, askari wakaja, na saa 5:40 wakamchukua Mwalimu. Nilikuwa nimesimama pale pale na mkoba begani, mwanamke mzima, na hakuna aliyeniuliza kitu. Wakati wanampandisha kwenye gari, Mwalimu alinivuta akaniambia sikioni, "Nenda nyumbani ukaandike unazozikumbuka. Wakikuweka ndani wewe, ataandika nani?"

Nilikwenda kweli. Nilikaa na daftari jana kuanzia saa 8:00 mchana. Nimeweza nyimbo ishirini na tisa, na zenye sauti zote nne ni kumi na moja tu. Zilizobaki ziko kwenye kichwa cha mtu mmoja, naye mwezi Aprili alisahau ubeti wa tatu wa wimbo wake mwenyewe mbele ya kwaya nzima. Akacheka, tukacheka naye, lakini wote tulielewa. Sasa mtu huyo mmemlaza kwenye saruji na anakohoa. Akipata homa ya mapafu humu ndani, nyimbo hizo mtazitafuta kwenye kabati gani?

Afande ameniuliza ninajuaje kwamba mzee hakuvunja kompyuta. Na mimi nimemuuliza Afande, mtu asiyeona alijuaje kompyuta ilipo? Kiti chake kilikuwa mlangoni. Meza iko ukuta wa pili, na katikati pana stuli na nyaya zimetapakaa sakafuni. Mzee yule hujikwaa kwenye kizingiti cha kanisa alichokivuka maisha yake yote. Ninyi wenyewe mlimwongoza kwa mkono mpaka kwenye gari! Hamkujiuliza?

Niliyeivunja ni mimi. Joel alipotoka niliinyanyua kwa mikono miwili nikaipiga sakafuni. Haikupasuka. Nikainyanyua tena nikaipiga mara ya pili. Mwalimu alisikia kishindo, akaniita kwa jina, "Matilda, Matilda," nami sikuitika. Kompyuta siijutii, na sitasema uongo hapa kwamba naijutia. Ninachojutia ni kwamba nilifumba mdomo jana na kumwacha mzee abebe langu. Usiku mzima nimejiona mwizi.

Sitaki huruma ya mtu. Nifungulieni kesi, niiteni mkorofi, ndivyo nilivyo na Janga nzima wanajua. Lakini mzee atoke leo. Adrian yupo nje ya kituo, ana daftari jipya na kalamu mbili. Naomba aambiwe aanze na nyimbo za miaka ya karibuni, kwa sababu za zamani Mwalimu bado anazo, za karibuni ndizo zinazomponyoka. Na asimkatishe akiwa anaimba, hata akirudia mara tatu.

Haya ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa yote, ndivyo nilivyosema, na sina neno la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: M. Cornel

Maelezo ya askari aliyeandika: Nilisimamisha kazi hii saa 5:05 asubuhi baada ya shahidi kukiri mwenyewe kutenda kosa. Nimemjulisha kwamba sasa ni mtuhumiwa, nimempa onyo, na maelezo yake ya onyo yataandikwa na askari mwingine. Nilikwenda mahabusu kumjulisha Laurean. Alikataa kutoka. Alisema shahidi anadanganya na kwamba aliyevunja kompyuta ni yeye. Nilimwambia Adrian anamsubiri na daftari. Aliomba aletewe humo humo kituoni, maana hatoki mpaka Matilda arudishwe kwao. Kwa idhini ya mkuu wa kituo, Adrian ameruhusiwa kukaa naye kwenye benchi la kaunta. Hadi saa 6:30 mchana wamemaliza wimbo mmoja.

Koplo Yahya