Nimepaka Gari la Papa kwa Rulo

Ijumaa. Jua limejificha nyuma ya milima na joto limepungua. Kucha zangu ni za bluu, sikio langu la kushoto ni la bluu, na nina furaha mpaka kiti kimenishinda. Naandika nimesimama, huku nikifukuza kuku wasiruke juu ya boneti.

Nimepaka rangi gari. Mimi! Fundi cherehani wa Mulongwe, hapa Uvira, ambaye mpaka wiki hii sikuwahi kupaka kitu kikubwa kuliko kigoda.

Kesho mdogo wangu Aline anaolewa. Aline unamjua, shajara, nimekulalamikia habari zake mara nyingi. Usichokijua ni habari ya gari. Tangu tukiwa wadogo Papa alituambia kwamba binti zake watatoka kwake ndani ya gari lake mwenyewe, hawatakuja kuchukuliwa mlangoni kama mizigo. Mimi nilitoka hivyo. Enzi zile gari lilikuwa linang'aa, linabeba akina mama wa soko mpaka Kamanyola na kurudi, na siku yangu Papa alilifunga utepe akaendesha polepole mpaka wapita njia wakatupita kwa miguu.

Mpaka wiki hii gari hilo lilikuwa linatia aibu. Injini bado inaitika ukiiita, ngozi ndiyo ilikuwa imekwisha. Boneti ilikuwa nyeupe, ilitoka kwenye gari jingine. Mlango mmoja ulikuwa mwekundu. Kwingine kote kulikuwa bluu iliyobabuka, na kutu ilikuwa imeshaanza kula pembeni. Wakwe waliliona walipokuja kuleta mahari, wakatazamana. Halafu wiki hii baba wa bwana harusi akapiga simu, kwa heshima zote, akasema wana gari jeusi, jipya, watalituma limchukue bibi harusi ili Papa asijisumbue.

Papa aliwaambia watapata jibu Ijumaa jioni. Kisha akaacha kula vizuri. Yeye ambaye humaliza ugali wake na kuuliza jikoni kumebaki nini, akawa anamega mara mbili na kunawa mikono. Mtu akikulea, ukamwona anameza neno lake mwenyewe badala ya chakula, inauma.

Nikafunga cherehani nikaja hapa kwake Kavimvira. Fundi wa garaji alitaja bei, nikacheka, naye akacheka, tukaachana kwa amani. Basi nikaangalia kwenye simu video za watu wanaopaka magari yao nyumbani, kwa mkono, nikaona kumbe si uchawi. Unasugua kwa msasa, unaziba mashimo kwa mastiki, unalainisha rangi ya mafuta kwa petroli mpaka iwe nyepesi kama maziwa, kisha unapitisha rulo ya sponji. Tabaka jembamba, halafu jingine jembamba, na kila likikauka unalisugua kidogo kwa msasa na maji. Kinachotakiwa ni subira.

Mimi na haraka tumezaliwa tumbo moja.

Matabaka ya kwanza yalikwenda vizuri hata nikaanza kujisifu. Boneti nyeupe ikapotea, mlango mwekundu ukapotea. Jana likabaki tabaka la mwisho, lile ambalo watu wataliona. Ilikuwa busara nilipake asubuhi, hewa ikiwa imetulia, lakini asubuhi nilikuwa namalizia magauni ya wasimamizi. Alasiri nikajidanganya kwa akili ya dobi: upepo wa ziwa ukianza kuvuma, nguo hukauka mara moja, basi na rangi itakauka mara moja. Majirani wakanisaidia kulisukuma gari mpaka kwenye kamba ya nguo, pale upepo unapopita bila kuzuiwa, nikamimina rangi kwenye sahani.

Kila mtu wa Uvira anajua nani mwingine huungoja upepo ule.

Tantine Mapendo, dada ya Papa, alikuwa ameshafika kutoka Sange na wadogo zake wawili na magunia ya mchele wa harusi. Umetwangwa kwenye kinu, kwa mkono, maana yeye anasema mchele wa mashine hauna heshima ya harusi. Mchele wa kinu lazima upepetwe, na anayepepeta anataka upepo. Wakasimama upande wa pili wa nyumba, nyungo juu, wimbo mdomoni. Mimi nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya gari, nimetoa ulimi kwa makini, napaka. Wimbo niliusikia. Nikauitikia hata!

Nilipoinuka, gari lilikuwa limeota manyoya.

Pumba kuanzia boneti mpaka buti, zimetulia kwenye rangi mbichi kama wageni walioalikwa. Nilipiga ukelele ambao nadhani hata Bujumbura waliusikia. Tantine Mapendo akaja mbio na ungo wake, akalitazama gari, akanitazama mimi.

"Eh, Riziki! Weye unapaka rangi mu upepo?"

"Na nyinye munapepeta mu rangi yangu!"

"Upepo iko ya kupepeta, mwanangu. Tangu zamani iko ivyo."

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikaa mavumbini nikalia kama mtoto. Papa akatoka, akaona, wala hakunigombeza. Alisema tu, "Haina neno, mama. Nitawapigia simu," akarudi ndani. Afadhali angenigombeza.

Tantine ndiye aliyeniinua. Akaniambia niache rangi ikauke, na niache kulia kwa sababu machozi nayo ni maji. Leo asubuhi, ukungu ukiwa bado mlimani na ziwa limelala, niliwakuta mashangazi wangu watatu wamejifunga vitenge viunoni, kila mmoja na kipande cha msasa na kopo la maji. Mwanamke aliyesugua masufuria ya harusi ngapi sijui hafundishwi kusugua gari. Walisugua wakiimba wimbo ule ule wa jana, na pumba zilizokaidi wakazibandua kwa kucha.

Mimi nikafuata na rulo. Polepole, safari hii polepole kweli. Aline, ambaye hakutakiwa hata kuonekana nje, alisimama mlangoni na nywele nusu zimesukwa, akininyooshea kidole kila niliporuka mahali. Upepo ulipoamka alasiri, rangi ilikuwa imeshika, na nyungo zote zilikuwa zimehamia kwa jirani, kule upepo unakokwenda.

Gari ni bluu! Lote! Ukilisogelea utaona michirizi ya rulo, na taa moja nimeipaka mpaka kwenye kioo. Lakini ukisimama barabarani, hata mimi nataka kuliamkia.

Papa ametoka sasa hivi tu. Alilizunguka mara ya kwanza mikono mgongoni. Mara ya pili alipitisha kiganja karibu karibu bila kugusa, maana nilimkataza. Alipofika mlango wa nyuma, pale atakapokaa Aline, akainama. Nikainama naye. Pumba moja ilikuwa imebaki chini ya rangi, imefunikwa bluu kama vyote. Nikakimbilia msasa.

"Acha iyo," Papa akasema. "Ni ya kwetu. Aende nayo."

Kisha akatoa simu, akasimama pale pale mkono mmoja kiunoni, akaongea kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani. "Mukwe, asante sana. Ile motokari yenu ibakie. Minye niko na yangu."

Akaweka simu mfukoni. Akauliza jikoni kumebaki nini.

Hivi naandika, yuko kwenye sahani ya pili, na Tantine Mapendo anamwongezea bila kuulizwa. Mikono yangu inanuka petroli na sijui gauni langu la kesho nitalivaaje na sikio hili. Sijali. Ninachoomba kwa kesho ni kimoja tu: Papa aendeshe polepole, polepole kabisa, mpaka wapita njia watupite kwa miguu.