Upande wa Nyuma wa Msalaba wa Lucas Semhando

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumanne ile ulipotutoka hapa Mwera, na mwaka wote huu Mama hakuwa na raha. Si kwa msiba peke yake. Alijua tumekuzika vibaya.

Ulikuwa fundi wa misalaba ya saruji. Mbele uliandika jina na tarehe kama mafundi wote. Nyuma, lipu ikiwa bado mbichi, ukachora kwa msumari maneno ya kuchekesha. Wageni walidhani unayatunga mwenyewe, nawe ukawaacha wadhani, maana sifa hukuzikataa. Sisi tulijua yanakotoka. Watani zetu sisi Wazigua ni Wanyamwezi, na mtani akija msibani kazi yake ni kumsema marehemu mpaka wafiwa wacheke. Wewe ulisimama kando ya kaburi, umetega sikio, unaokota. Ndivyo alivyopata lake jirani yetu:

*Hapa yupo Beatrisi,*
*wa kuazima upesi,*
*kurudisha si rahisi;*
*sufuria zetu basi.*

Wanawe walicheka mpaka wakakaa chini. Kila Novemba wakienda kufyeka makaburi, husoma upande ule kwanza.

Misalaba ya watoto wachanga uliitengeneza bila kuombwa, na nyuma yake hukuandika kitu. Ulisema hao hawajafanya la kuchekwa.

Mtani wako mkubwa alikuwa Mzee Alexander, Mnyamwezi mliyekata naye mkonge ujanani. Ulipofariki alikuwa kwa binti yake Horohoro, anaumwa. Mama akamwonea huruma, akasema asipelekewe habari mpaka apate nafuu. Lo, Mama! Mtani haonewi huruma. Padre alisali vizuri, kwaya ikaimba, tukafukia, na hakuna aliyekutania hata neno moja. Siku ya tatu Mama akasema, "Tumemzika kama mgeni." Hakulirudia tena neno hilo, lakini chakula kilimshinda.

Jumamosi iliyopita tulikusimikia msalaba. Mama alikuwa amemtuma dada Imakulata Horohoro, akamwombe Mzee Alexander msamaha na kumsihi aje. Mzee hakusema ndiyo wala hapana. Kaka Daniel alipiga lipu ya mbele akamaliza. Ya nyuma Mama akamzuia. Saa nane, hakuna mtu. Saa tisa Daniel akalalamika kuwa saruji inaganda kwenye karai. Mama akamwambia aimwage, achanganye nyingine.

Alikuja saa kumi, na fimbo yake. Hakumwamkia mtu. Alikwenda moja kwa moja akakaa juu ya kaburi lako, akadai jogoo wa faini, akapewa. Mama akapiga magoti.

"Shemeji, nimekukosea."

"Mimi hukunikosea," akamjibu. "Umemnyima huyu kicheko chake."

Kisha akamwamuru Daniel apige lipu. Akaanza kutamka polepole, na Mama, ambaye hajawahi kushika msumari wako, akawa anaandika:

*Kaandika za wenzake,*
*leo zamu ndiyo yake;*
*mwenye kulia acheke;*
*nafasi yangu iweke.*

Ule mstari wa mwisho Mama ulimshinda. Alicheka, Baba, kile kicheko cha kupiga mapaja ulichompendea, na humo humo akalia. Mzee Alexander akamshika mkono, wakaumalizia pamoja. Herufi zimekwenda upande, ungezikosoa.

Unakumbukwa na mkeo Leticia, wanao Imakulata, Daniel na Brightness, wajukuu zako wote, ndugu wa Mwera na Pangani, na mtani wako Alexander, ambaye jogoo amemla peke yake.

Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu. Pumzika sasa, Baba. Umezikwa.