Buibui wa Mlangoni Hataki Kuhamia

Shangazi Mshauri, naomba msaada wako, na nakuomba usicheke mpaka ufike mwisho, kwa sababu shida yangu inahusu buibui, na sisemi buibui la kuvaa, nasema mdudu, tena anayejaza kiganja changu akinyoosha miguu, mwenye manyoya ya rangi ya majivu, ambaye alikuwa na shimo lake kando ya mlango wetu kule nyumbani kwa zamani tangu mwaka niliomwoa Justina, miaka kumi na minne sasa, na kila jioni alitokeza miguu miwili ya mbele mlangoni kwake, nami nimekaa mlangoni kwangu, tunatazamana.

Mwezi wa nane tulihamishiwa kijiji kipya karibu na Kasoli, nikabomoa nyumba, nikapakia mlango na vyungu kwenye mkokoteni wa ng'ombe, na nilipotaka kuondoka miguu ikakataa, nikarudi na jembe nikamchimbua taratibu, nikamtia kwenye chupa kubwa ya peremende niliyopewa na Athumani mwenye duka. Shangazi, hapo ndipo nilipomwona vizuri kwa mara ya kwanza. Macho manane! Na kila mguu unapapasa kwanza ndipo ukanyage. Nilimwangalia mpaka ng'ombe wakachoka kunisubiri.

Hapa kijijini amekuwa mgeni rasmi. Namweka mezani nje penye mwanga asije akaona upweke, majirani wanakuja, wanagonga chupa, wanamsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, Babu!" maana ndivyo tunavyomwita, jirani yetu Kwandu amemtilia maziwa, mimi nampa panzi wawili kila siku, na yeye hali. Wiki ya tatu sasa. Amejikunyata pembeni, tumbo limekuwa jeusi, nikimgusa kwa jani anasogea kidogo tu.

Sasa siri yangu. Nguzo za nyumba zimelala uani tangu tuje, sijachimba hata shimo moja, tunalala na watoto kwenye kibanda cha nyasi, na Justina ananiambia, "Baba Salu, mvua hiyo inakuja, na wewe unalea mdudu." Sijamwambia kwamba nimeapa moyoni: Babu akiishi hapa, nami nitaishi hapa; akifa, narudi kule peke yangu, hata kama hakuna nyumba. Naona anakufa. Nifanyeje?

Mayala, Bariadi

*

Bwana Mayala, nilicheka mstari wa kwanza tu. Barua yako niliipeleka kwa mtaalamu mmoja wa wadudu wa pamba, mtu asiyeshangaa upesi, akaisoma mara mbili, akavua miwani. Anakusalimu. Anasema pia kwamba huyo si Babu. Madume ya aina hiyo hayafiki miaka kumi na minne. Siku zote hizo umekuwa ukitazamana na Bibi.

Na Bibi hafi. Anajiandaa kujivua. Atalala chali, ngozi itapasuka, atachomoa miguu yote minane, atavua hata meno, hata ngozi ya macho yake, na atatoka mpya. Nina miaka hamsini na sita, nimezaa na nimezika, na sikujua kwamba chini ya miguu yetu kuna kiumbe anayevua macho yake na bado anaona.

Lakini wewe, Mayala! Nani alikufundisha kupokea mgeni hivyo? Umemng'oa kwake, umemwanika kwenye chupa, ukaita kijiji kizima kije kumgongea. Tena maziwa! Wewe ungekula huku watu wamekuzunguka wanakuchungulia? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bibi ana majembe yake mdomoni, kinachokosekana ni udongo.

Kama bado amesimama kwa miguu yake, mhamishe leo. Tafuta chungu kipana, jaza udongo zaidi ya nusu, uushindilie. Changanya wa kule, hata ule mchache ulioganda kwenye jembe lako, na wa hapo, maana hapo ndipo anapohamia. Mwanzishie shimo kwa kidole, atamalizia mwenyewe. Kizibo cha soda kinatosha kwa maji, kifuniko kiwe na matundu, na chungu kikae kwenye kona yenye giza. Panzi watoe wote, watamtafuna akiwa laini. Ukimkuta amekwisha lala chali, usimpindue wala usimzike: aliyekufa hukunja miguu chini ya tumbo. Akishajivua, ngoja wiki mbili ndipo umpe chakula. Na salamu zikome.

Sasa kiapo chako. Hicho kimenikasirisha. Mkeo anaivisha ugali nje ya kibanda, hajui kwamba mumewe anangoja kifo cha buibui apate ruhusa ya kumwacha. Mwambie leo. Atafoka, na ana haki. Sikukatazi kulilia kule, miaka kumi na minne si mchezo. Lia, lakini usimtwishe mdudu uamuzi ulio wako. Akifa au akiishi, watoto wako bado wanalala chini ya nyasi.

Bibi akishaivua ngozi ya zamani ataisukuma nje ya mlango wake, wala hatairudia. Ukimaliza kumtobolea hilo shimo lake, usinawe mikono. Nguzo ziko pale uani. Chimba shimo la kwanza kabla Justina hajaipua ugali.