Nyasi Zilizonyweshwa Mno

Mjukuu wangu Hamisi,

Marahaba. Huku Makote tu wazima. Mama yako Asha ameanza kuokota korosho. Umeuliza kwa nini nyasi za uwanja unaoutunza zinanyauka, ilhali unazimwagilia kila siku.

Nilipokuwa kijana, wafanyabiashara binafsi waliruhusiwa kununua korosho, wakaegesha malori kwenye uwanja wetu wa mpira. Udongo ukashindiliwa, nyasi zikawa njano. Sisi watu wa shida ya maji tukadhani zina kiu, tukapandisha ndoo za maji kutoka bondeni. Zikazidi kufa. Bibi yako, wakati huo mchumba wangu, akachomeka mtaimbo, akanusa tope. “Mizizi haipati hewa,” alisema. Tukatoboa uwanja mzima, tukaacha kumwagilia. Zikachipua.

Mpaka leo nikimhangaikia bibi yako kupita kiasi, hucheka: “Baba Asha, tua ndoo.”

Babu yako