Kiatu Kimoja Mkononi, Kingine Tumboni mwa Ndege

Karakana ya Viatu, chumba cha nyuma,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Binamu Rubani,

Hujambo wewe na wote ulio nao huko mbali? Na goti lako la kulia, lile linalotabiri mvua, linasemaje siku hizi? Sisi huku tu wazima. Mke wangu ni mzima na bado ananicheka, nami ni mzima kiasi cha kuona kwamba ana sababu. Usinune kwa hilo jina la Rubani. Katika ukoo wetu, aliyepanda ndege mara mbili lazima apewe cheo.

Kwanza, sanduku lako jekundu uliloniazima limerudi. Gurudumu moja linalia kama kifaranga, lakini limerudi.

Sasa nikuungamie jambo kabla hujalipata kwa mke wangu, maana kila akilisimulia ananipunguzia akili. Unakumbuka ulivyoniambia kwenye simu, "Viatu vya mtoto beba mkononi, vyote viwili, hayo mengine yatajijua"? Nikaitikia, "Sawa, Binamu." Sikufanya.

Unamjua mpwa wangu Muuguzi, na unajua mguu wake wa kushoto ni mfupi kwa upana wa vidole viwili tangu azaliwe. Siku ya mahafali yake alitaka kitu kimoja tu: avuke jukwaa akapokee cheti bila mkongojo, watu wote wakimwona. Viatu vyake vya zamani havikufaa tena, soli nene ya kushoto ilikwisha kubonyea. Nikamshonea jozi mpya nyeusi. Wiki tatu nilihangaika na ile soli, iwe nene bila kuwa nzito.

Basi, pale kiwanja cha ndege dada wa kaunta akaniuliza, "Mzee, huo mzigo unabeba mkononi au unaenda chini?" Kisu na nyundo yangu nilijua haviruhusiwi juu, hivyo sanduku lilikuwa la kwenda chini. Lakini viatu? Hapo ndipo ufundi uliponiponza. Miaka ishirini natundika kiatu kimoja nje ya duka na kukificha mwenzake ndani. Mwizi akikichukua kimoja, atakivaa na nini? Nikajiona nina akili za kugawa. Cha kulia nikakifungia sandukuni, cha kushoto nikakitia kwenye begi la mkononi. Wakipoteza huku, kule kimepona!

Penye ukaguzi askari alikitoa kile kiatu, akakigonga, akakisogeza sikioni.

"Mzee, humu ndani kuna nini?"

"Soli."

"Soli gani nene hivi?"

"Ya mguu mfupi."

Alikirudisha kwenye mashine mara mbili, mimi nimesimama na soksi, moja imetoboka. Hatimaye akanikabidhi. "Na mwenzake yuko wapi?"

"Ametangulia kwenye mizigo."

Akamgeukia askari mwenzake: "Huyu viatu vyake vinasafiri kwa zamu!"

Tulipotua nikasimama kwenye ule mkanda unaozungusha mizigo. Watu walichukua vyao wakaondoka, tukabaki mimi na boksi la mtu lililofungwa kamba. Sanduku lako, Binamu, halikupanda ndege. "Litafika keshokutwa," wakaniambia. Mahafali yalikuwa kesho yake asubuhi. Nikaangalia kiatu changu kimoja nikaelewa: mwizi niliyekuwa namkomoa miaka yote hiyo, ndiye mimi.

Nilifika kwa mtoto. Nikakaa ukingoni mwa kitanda chake, nimekipakata kiatu, nikamweleza yote. Alinisikiliza ameuegemea mkongojo wake.

"Mjomba, ulichonacho ni cha mguu upi?"

"Cha kushoto."

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Sasa unalia nini? Huu wa kulia umewahi kunisumbua? Huu unavaa chochote!"

Akavuta kutoka uvunguni kiatu chake cheusi cha kazini, cha kulia. Kilizidi unene kidogo tu. Kwa kuwa zana zangu zilikuwa zimebaki na sanduku, nilikipunguza soli kwa kisu chake cha jikoni, ambacho sasa hakikati hata nyanya. Akavaa. Akatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, akarudi, akasimama katikati ya chumba.

"Mjomba," akasema taratibu, "kumbe hii sakafu iko sawa."

Nilijifanya natafuta brashi.

Kesho yake alivuka jukwaa. Hatua kumi na nne, nilizihesabu. Ya tisa aliyumba kidogo, nikaung'ang'ania mkongojo wake uliokuwa mapajani mwangu kana kwamba ninayeanguka ni mimi. Kiatu kimoja king'aavu, kingine cha kazini, na hakuna hata mmoja aliyetazama chini. Sanduku lilipofika alikivaa cha kulia, akasema kinabana. Nikakilegeza palepale.

Siku ya kuondoka alinipa mkongojo. "Nenda nao, Mjomba. Nikiuhitaji nitauagiza." Mpaka leo hajauagiza.

Pale kaunta dada mwingine akaniuliza tena: huo mkongojo mkononi au chini?

"Mkononi," nikasema, kabla hajamaliza swali.

Nisalimie Shangazi, mwambie miguu yake bado naikumbuka kwa vipimo. Wasalimie mapacha wako, na shemeji yangu Mkimya, hata kama hatajibu. Mungu awalinde, na mizigo yenu ifike siku moja na ninyi.

Ni mimi nikupendaye, na kuanzia leo nikusikiaye,
Binamu yako, Fundi Viatu.