Valizi Iliyorudi Kutoka Kilembwe

Baraka, Fizi
Jumatano, 13 Machi 2024

Mpendwa dada mkubwa, yaya Solange,

Amani ya Mungu ikukute umekaa vizuri hapo Lubumbashi. Mgongo wako unaendeleaje? Na batoto, wanasoma? Sisi huku tuko wazima kwa mwili. Mvua imenyesha, mihogo imesimama, ndagala wanapatikana ziwani. Mimi peke yangu ndiye silali. Ningekupigia simu, lakini kwa simu ningelia, na wewe ungecheka. Barua hii anakuletea Patrice, anayepanda boti ya Kalemie kesho, kisha ndege ya Lubumbashi.

Unakumbuka ile valizi nyekundu ya kusafiria uliyoninunulia Januari nilipokuwa kwako, niiweke juu ya mahari ya mke wangu Gentille. Yaya, nilikuficha jambo. Pale Kalemie ilitoka ndani ya ndege gurudumu moja halipo, ubavu umepasuka kama imepigana na kiboko. Nililalamika papo hapo, kwa maandishi. Unajua Kifaransa nimejifunza peke yangu, kwa hiyo nikipata mahali pa kukitumia sikiachi. Niliandika kwamba valizi imeharibika kabisa, haiwezi tena kubeba hata leso, na kampuni ya ndege inilipe. Mtu wa mizigo alipiga muhuri kwa heshima. Nilitoka pale nikitembea kama avoka wa mahakamani.

Nilipofika Baraka, Lukmani fundi viatu aliishona, akafunika kovu kwa ua la ngozi. Bakwe zangu wa Kilembwe, wazazi wa Gentille, waliipokea kwa vigelegele. Mama mukwe, Mama Tania, alilisifu sana lile ua.

Wiki iliyopita kampuni imejibu. Watalipa, ila kwanza nipeleke valizi yenyewe kwenye biro yao ya Kalemie kabla ya mwisho wa mwezi, waikague. Hapo akili yangu, nayo iliyojifunza peke yake, ikanidanganya. Nilimtuma Divine, dada mdogo wa Gentille, akaniombee valizi kwa siku tatu tu.

Unajua kwetu mwanaume anayeomba kitu cha mahari amesema nini. Mambo ya siku tatu hayapo. Amesema mke hamtaki tena. Nalijua hilo tangu utoto, na bado nilituma. Nilidhani neno "kuazima" litanilinda.

Jana Fadhili wa pikipiki ameishusha mlangoni. Ndani iko kositimu, ile suti ya mahari niliyompa baba mukwe, imekunjwa vizuri, na majembe mawili ya mahari hiyo hiyo. Fadhili alisema huku anaangalia pembeni:

"Mama Tania anakusalimia, kaka. Anasema mbuzi ziko nyuma, zinakuja na miguu. Na tarehe makumi mbili na tatu mufike na bazee yenu, muwarudishie Gentille, mutoto yao."

Gentille alikuwa nyuma yangu, ameshika sahani. Ningependa angeivunja.

Nina hofu, yaya. Njia ya Kilembwe iko na vizuizi vya watu wenye bunduki, na safari hii nitawapita kama miti, kwa kumuogopa mama mmoja wa kitenge. Nimeshaandikia kampuni kwamba naondoa malalamiko, valizi imepona. Tarehe 22 naondoka kuirudisha, nimeibeba mwenyewe kichwani. Baba mdogo Roger atatangulia kusema.

Nakuomba, mpigie Mama Tania kabla ya siku hiyo. Wewe ndiye uliyeinunua, neno lako lina uzito. Mwambie ukweli wote, hata lile ua.

Nisalimie shemeji Willy na batoto wote. Roger anakusalimia, naye anakohoa ili asipewe kazi ya kusema.

Gentille pia anakusalimia. Asubuhi hii nimemkuta anapanga nguo zake ndani ya valizi, juu ya kositimu. Nikamuuliza kwa sauti ndogo:

"Ni za kwenda kubakia kule, ao za kwenda na kurudi?"

Akavuta zipu mpaka mwisho.

"Tutaona. Itatokana na mudomo yako."

Mungu akuongezee siku, yaya, na huu mdomo auongoze Yeye.

Mdogo wako akupendaye, mwenye kutetemeka,
Isidore