Kwa Nini Naandika kwa Mkono wa Kushoto

Khuwair ya Kusini, Muscat
Ijumaa, baada ya sala

Kwa baba yangu,

Assalaam alaykum, na shikamoo nyingi. Nipe habari za goti lako, za kifua cha mama, na kama lile paa la jikoni limeshaezekwa kabla ya mvua. Mimi ni mzima kwa sehemu kubwa. Hiyo sehemu ndogo iliyobaki ndiyo iliyonifanya niandike. Nakuomba uisome barua hii peke yako kwanza, umekaa kitako, kisha umsomee mama yale utakayoona anaweza kuyabeba.

Usishangae mwandiko. Nnaandika kwa mkono wa kushoto, ule uliokuwa ukiupiga kwa mwiko kila nikiutumia kulia chakula. Wa kulia umo ndani ya plasta tangu wiki mbili zilizopita. Na simu haikuharibika kama nilivyomwambia dada Mwanaisha. Nimeng'oka meno mawili ya mbele, maneno yangu yanatoka na upepo, na ungesikia "shikamoo" moja tu ukajua. Ndiyo maana hujanisikia.

Basi nianze na la kheri. Jumapili ijayo naanza chuo kikuu. Nahama kutoka chuo cha kati na masomo yangu kumi na moja yamekubaliwa, kwa hiyo naingia mwaka wa pili wa uhandisi wa mitambo. Barua yao iko hapa mezani, chini ya kikombe, isipeperushwe na kiyoyozi. Furahi, baba, lakini furahi kidogo tu, maana hujasikia nilikopita.

Mwaka wangu wa kwanza hapa nilifeli. Sisemi nilisuasua, nasema nilifeli. Hesabu nilianguka, michoro nilianguka, Kiingereza cha ufundi nilianguka mara mbili. Nilipokupigia kukwambia nimefaulu nilikuwa nimesimama nje ya ofisi ya chuo na barua ya onyo mkononi. Ukachinja mbuzi. Mkasoma maulidi, majirani wakala pilau, na yote hayo juu ya uwongo wangu. Mama aliponitumia picha za shughuli nilizifuta moja moja.

Unajua kwa nini nilifeli? Mwalimu alikuwa akifundisha, sifahamu, na siulizi. Wenzangu wanainua mkono, mimi nimekaa nyuma kimya kama niliyemeza jiwe. Kwetu, baba, kuuliza kulikuwa na kofi lake. Nilipokuuliza namna ya kugawa sehemu nikiwa darasa la tano, ulinizaba mpaka sikio likalia siku tatu, ukasema mtoto wa Vuai haulizi mambo ya kijinga. Basi mtoto wa Vuai hakuuliza tena mpaka alipofika Oman, na huku pia hakuuliza.

Darasani kwetu kulikuwa na kijana wa Qantab, jina lake Hamed. Fundi hasa. Mkono wake ukishika kalamu ya kuchorea unafurahi kuutazama. Mwalimu alitupanga kundi moja kwenye karakana, na maksi zangu zikawa zinamvuta chini. Siku moja akaiokota ile barua yangu ya onyo iliyodondoka kwenye kitabu, akapanda juu ya kiti, akaisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, na darasa zima likacheka. Alipomaliza akanipa mkononi kwa adabu, akasema kwa Kiarabu, "Mpelekee baba yako, aitie kwenye fremu."

Angenitukana mimi ningestahamili. Amekutaja wewe.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipofanya ujinga ambao angeweza kuufanya mtu wa Makunduchi tu. Sikumvizia. Nilikumbuka Mwaka Kogwa, namna mnavyochukua magomba upande wa kusini na upande wa kaskazini, mkatandikana mpaka kinyongo cha mwaka mzima kikaisha, kisha mkapeana mikono mkaenda kula. Wewe ndiye uliyenitia gomba la kwanza mkononi, ukaniambia mwanamume havuki mwaka na chuki kifuani. Nikaona hiyo ndiyo njia ya haki. Lakini Muscat hakuna migomba pale chuoni, kuna mitende. Nikakata makuti mawili, nikayanyonyoa majani, nikamngoja Hamed mchana kweupe kwenye maegesho ya magari. Nikamrushia moja. Nikamwambia, "Shika. Tupigane, tumalize, tupeane mikono."

Akalidaka. Kwetu mtu akishika gomba amekubali. Yeye alilidaka kama mtu yeyote anayerushiwa kitu, baba. Alikuwa bado anacheka, anawageukia wenzake awaulize huyu ana wazimu gani, na mimi nikampiga.

Gomba ni laini, linapasuka maji na kelele nyingi. Kuti la mtende ni gumu kama chuma, na kule chini lina miiba. Pigo la kwanza lilimpasua nyusi. La pili alikinga kwa mkono, na nikasikia vidole vinavunjika. Nilivisikia, na sikuacha. Nilimpiga la tatu na la nne akiwa chini, na sikuwa nampiga yeye peke yake. Nilikuwa nampiga yule mwalimu, ile barua ya onyo, lile darasa la tano, na wewe. Walikuja watu sita kunitoa juu yake.

Ami Nassor alikuja kituo cha polisi. Ndugu yako huyu wa ziwa moja hajawahi kuninyanyulia hata sauti tangu aliponipokea nyumbani kwake, lakini siku hiyo alinipiga kibao mbele ya askari wote mpaka kofia yangu ikaruka. Akasema, "Nimekuleta usome, umekuja kuvunja watoto wa watu." Nilipoeleza habari za magomba, askari mmoja akatikisa kichwa akasema hapa pana sheria, hapana sherehe. Ami akanitoa kwa dhamana, na chuo kikanisimamisha muhula mzima. Nikamsihi ami asikwambie. Alikataa, nikamshika miguu, akakubali na machozi yakimtoka. Usimlaumu yeye.

Muhula huo ami alinipeleka Rusayl, kwenye kiwanda cha rafiki yake kinachotengeneza mageti ya chuma. Nikawa naangalia mafundi, nasaidia kubeba. Joto la mle ndani ukiligusa bati ngozi inabaki. Kulikuwa na fundi mmoja wa Tanga, Mkristo, jina lake Yohana, mdomo wake mchafu kama jalala. Siku niliyokata pau kumi zote fupi alinirushia kipande cha chuma, kikanipita hapa sikioni kikapiga ukuta. Nikakunja ngumi. Akaniambia, "Kabla hujanipiga, niulize nimekasirikia nini." Ngumi sikuikunjua. Akasema, "Uliza, we mbwa." Nikauliza. Akakaa chini akanionesha kwa chaki namna ya kupima pembe, mara moja, mara mbili, mara tano, akinitukana katikati ya kila mstari. Nilielewa michoro ambayo mwaka mzima wa chuo sikuielewa. Sijui kama ni aibu kusema hivi, lakini nilimpenda yule mtu.

Niliporudi chuoni nikawa naudhi. Nauliza mpaka wenzangu wanaguna. Waliniita "Bwana Kwa Nini", nikawaacha waniite. Nilirudia masomo yote matatu nikafaulu, na mihula miwili iliyofuata sikuanguka popote. Lakini Hamed hakurudi. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vimekakamaa, haviwezi kukunjika. Kalamu haikai. Aliacha chuo, akaingia dukani kwa kaka yake kuuza nyaya na balbu. Kila nilipopata alama nzuri nilijua ni kiti cha nani nimekalia.

Nilipoomba kuhamia chuo kikuu, yule mama anayeshughulika na wanaohama aliyapitia makaratasi yangu polepole, kisha akaniuliza mwaka wa kwanza kulitokea nini. Mficha uchi hazai. Nikamweleza yote kama ninavyokueleza wewe. Akafunga faili akasema alama zako za sasa zinatosha, lakini kule polisi shauri lako halijafungwa. Lete tanazul, yaani karatasi ya yule uliyemuumiza kwamba amekusamehe mbele ya sheria. Bila hiyo hatukuchukui, na ukaazi wako nao hautaongezwa. Kwa maneno mengine, nirudi nyumbani, nikueleze uso kwa uso kwa nini mlisoma maulidi.

Tukaenda Qantab, mimi na ami, baada ya alasiri. Njiani aliniambia, "Kahawa ukipewa usiinywe. Ishike, iweke chini. Mwenye haja hanywi mpaka aambiwe haja yake imekubaliwa." Tulipokewa vizuri kuliko tulivyostahili. Kaka yake Hamed alitukalisha, akaleta tende, akamimina kahawa. Tukaziweka finjani chini. Alizitazama akaelewa. Ami akaomba kwa maneno mazuri sana. Yule kaka akasema, "Mkono si wangu. Mwiteni mwenye mkono."

Hamed akatoka ndani. Alinenepa kidogo. Nyusi ina mstari usioota nywele. Hakusalimia. Alipita kati yetu akaenda uani, tukasikia panga, akarudi na makuti mawili yaliyonyonyolewa majani. Akanirushia moja, nikalidaka. Akasema, "Umeshika. Si ndiyo mila yenu? Umekubali."

Ami alisimama. Nikamwambia, "Kaa, ami. Nimekubali kweli."

Tukaenda uani. Kuti nilikuwa nalo mkononi, baba, na wallahi mkono ulitaka kuinuka. Wewe unanijua. Pigo la kwanza lilinikuta begani nikauma meno. La pili lilinikuta mdomoni, na nikayatema yale meno kwenye mchanga. Nikaona damu yangu nikataka kumuua, nakwambia ukweli. Nikalishika kuti langu kwa nguvu zote, nisiliinue. La tatu lilitua juu ya ule mkono nilioshikia, na mlio wake niliutambua, niliwahi kuusikia kwenye maegesho. Nikapiga magoti. Aliendelea mgongoni, sikuhesabu, mpaka kaka yake akamkumbatia kwa nyuma akimwambia basi, basi, imetosha. Hamed alikuwa analia kwa sauti kama mtoto aliyepotea sokoni. Na mimi nalia. Ami naye kaziba uso kwa ncha ya kilemba.

Kisha Hamed akaninyooshea ule mkono wake wenye vidole visivyokunjika. Wangu ulikuwa hauinuki. Basi akaushika kifundoni, taratibu, akaunyanyua mwenyewe.

Tukarudi ndani. Kaka yake akasema, "Inyweni kahawa." Nikainywa na damu yangu. Hamed akaitandaza ile karatasi juu ya paja, akatia saini kwa mkono wa kushoto, ulimi nje, pole pole, anavyoandika mtu aliyejifunza ukubwani. Imemchukua miaka kuupata mwandiko ule. Mimi leo ni siku yangu ya kumi na nne.

Hospitali walipouliza nilisema nimeanguka ngazi. Daktari aliutazama mgongo wangu akauliza ngazi ngapi. Huo na ule wa simu ndio uwongo wangu wa mwisho, na wewe ndiye wa kwanza ninayemwambia. Hamed nimempigia jana kumuuliza kama atarudi kusoma. Akasema niache kumsumbua, kisha akauliza kama chuo kikuu wanapokea watu wanaochora kwa kushoto. Nikamwambia nitauliza. Kuuliza sasa nakuweza.

Nisalimie mama, mwambie mgongo unapona na Bi Zuwena, mke wa ami, ananikanda kila asubuhi kwa mafuta ya habasoda na masimango. Nisalimie dada Mwanaisha na mumewe, bibi mzaa mama, shangazi wa Kizimkazi, na yule mwalimu mzee wa skuli aliyekuwa akinipa peremende nikikosa hesabu. Majirani waliokula pilau waambie kweli yangu, au niachie niwaambie mwenyewe.

Sasa la mwisho, na ndilo lililonifanya nisiandike kwa mkono wa mtu mwingine. Siku ile, pale uwanja wa ndege, wewe uliniambia nikifeli nisirudi, kaburi langu lichimbwe huku huku. Nilifeli, baba. Na nnakuja. Mwaka Kogwa ukifika nitakuwa Makunduchi, ami ameshakubali. Nna kinyongo nawe cha tangu darasa la tano, na sasa wewe una kinyongo nami cha mbuzi na maulidi. Wewe ndiye uliyenifunza kwamba mwanamume havuki mwaka nacho. Najua si mila mtoto kusimama mbele ya baba yake, wazee watasema, waache waseme. Chukua gomba lako, mimi ntachukua langu. Langu nitalishika tu, sitaliinua. Piga mapigo yote yaliyobaki mpaka yaishe, kisha unipe mkono, maana umenipiga mara nyingi na mkono hujanipa hata siku moja. Wangu wa kulia wakati huo utakuwa umeshapona.

Mwanao,
Simai